Injini ya Gwamaka na Jina Lisiloitikiwa

Nikiuliza "mpo?", mseme "tupo, lete." Na mkisema mpo, muwepo kweli, maana nitakayowaambia hayana mwisho, na mwisho wake nitawadai ninyi.

Mpo?

Haya. Wewe wa nyuma unayeguguna mahindi, guguna polepole tusikilizane. Na asitokee mtu wa kunidakia kwamba injini haina roho. Najua. Kaa na elimu yako hapo, usikilize.

Kule Ikomelo, juu kwenye chai na migomba, ambako ukungu unaingia mpaka chumbani, walikuwepo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Tupokigwe, mwanamke, fundi wa kuchomelea. Kipaji chake kilikuwa mkono. Akishalitupia chuma jicho mara moja, hapimi tena. Anawasha grinda, anakata, na kipande kinaingia mahali pake bila kusukumwa. Aliolewa mbali, mambo yakamshinda, akarudi. Kaka zake wakamwambia chumbani kwake wameshaweka mbuzi, kwa hiyo akawa analala nyuma ya karakana yake, kwenye mabati.

Wa pili ni Lwitiko, mziba pancha wa pale kijiweni kwa bodaboda. Kipaji chake kilikuwa sikio. Ameinamia tyubu, hainui uso, lakini anakwambia, "Huyo anayepanda ni Asajile, na leo kapakia wawili." Unageuka, ni Asajile, na wamo wawili. Alilelewa kwa zamu, mara kwa shangazi, mara kwa mjomba, na hakuna nyumba hata moja duniani aliyoweza kuiita kwetu.

Wa tatu ni Ambokile, mbeba maziwa. Mguu wake wa kulia ulidumaa tangu utotoni, haufiki chini akikaa kwenye pikipiki ya kawaida. Kipaji chake kilikuwa kutoacha. Akishaanza jambo, mvua inyeshe, watu wacheke, yeye haachi mpaka liishe au limuue. Naye alikuwa mpangaji tu. Shamba la baba yake liliuzwa yeye akiwa bado tumboni.

Mmewashika? Mkono, sikio, na asiyeacha.

Huyu Ambokile alikuwa na kipikipiki cha kizamani, kile cha kitoto, kilichoachwa na meneja mmoja wa shamba la chai alipohama na familia yake. Kifupi, miguu yote miwili inafika chini. Kwenye hicho kipikipiki Ambokile alikuwa mtu kama watu wengine. Alikifungia madumu ya maziwa huku na huku, akawa anashuka asubuhi kwa wafugaji na kupanda hadi kituo cha kukusanyia. Lakini kile kiinjini chake kidogo kilichoka na vilima vyetu, kikafa. Fremu ikabaki nzima, nyekundu, tupu. Ambokile akaitazama wiki nzima, akasema, "Nitaitafutia injini kubwa." Watu wakamcheka sana. Injini ya bodaboda kwenye fremu ya mtoto! Ni sawa na kumvisha babu kaptula ya shule.

Sasa tumwache kidogo, niwape habari ya Gwamaka. Msinikimbize.

Gwamaka alikuwa dereva wa bodaboda, mtoto pekee wa mama mmoja mjane aitwaye Subilaga. Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya tajiri. Siku moja, mwaka ule wa mvua nyingi, alimpakia abiria asiyejulikana na mtu, wakaondoka. Hakurudi. Wala pikipiki haikurudi. Tajiri akasimama sokoni akatangaza kwamba Gwamaka amevuka mpaka, ameiuza pikipiki, anakula raha ugenini. Na sisi, Mungu atusamehe, tukaamini. Hakuna aliyekwenda kumtafuta, maana mwizi aliyetoroka hatafutwi vichakani.

Na kuna jambo moja la kwetu lazima mlijue. Dereva wa Ikomelo akipita mbele ya nyumba yenye msiba, anazima injini. Kama ni mteremko anateleza kimya, kama ni kilima anashuka anasukuma, mpaka auvuke uzio, ndipo anawasha tena. Hata kama ana haraka ya mgonjwa.

Mbele ya nyumba ya Subilaga hakuzima mtu. Msiba gani? Pale palikuwa na mama wa mwizi. Walipita wakinguruma, wengine wakiongeza mafuta makusudi. Yule mama aliniambia siku moja, tunachambua maharage, "Dada, hata injini hawanizimii." Mimi nikaendelea kuchambua.

Haya, tumrudie Ambokile. Akapita mnunuzi wa chuma chakavu na gari lake, na ndani ya gunia mlikuwamo injini ya bodaboda, nzima, ila namba zake zimesuguliwa kwa tupa hadi chuma kinang'aa. Injini isiyo na namba, kila mtu anajua imetoka njia gani. Lakini Ambokile alikuwa anafikiria maziwa yake. Akaichukua, akaibeba begani akichechemea mpaka kwa Tupokigwe.

Tupokigwe akaitazama ile injini, akaitazama fremu, akacheka mpaka akakaa chini. "Ambokile kaka yangu, hii haiingii."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ingekuwa inaingia ningeenda kwa mwingine."

Basi, hapo alimpata. Tupokigwe akalikata bomba la chini la fremu, akalipanua kwa kipande cha bomba zito. Akatengeneza vishikio vipya vya injini, maana vya zamani vilikuwa vyembamba. Cheni ikawa inaruka, kwa sababu gia ya mbele na ya nyuma hazikukaa kwenye mstari mmoja. Akavunja, akaanza upya. Ekzosi ikawa inaunguza mguu mbovu wa Ambokile, akaikunja ipite upande wa pili. Akarefusha mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, ili kitu kile kisiinuke mbele kama farasi. Alipomaliza, injini ilikuwa imejaa ndani ya fremu, imebanwa kila upande, na ungedhani imezaliwa humo.

Ambokile akapiga kiki. Ikawaka.

Mlio wake ulikuwa mzito kuliko umbo lake, na alipoachia mafuta, ikakohoa. Kikohozi kimoja kifupi, halafu ikaendelea. Pale ng'ambo ya barabara Lwitiko alikuwa anaziba tyubu. Tyubu ikamponyoka. Akainua uso, yeye ambaye hainui uso, akavuka barabara bila kutazama magari.

"Zima," akasema. "Zima hiyo kitu. Hiyo ni ya Gwamaka."

"Acha kuota mchana," Tupokigwe akamwambia. "Injini za aina hii zimejaa nchi nzima."

"Zimejaa, ndiyo. Inayokohoa hivyo ni moja. Nimeisikia ikipita hapa kila siku ya Mungu."

Namba zilifutwa kwa tupa, lakini sauti hakuna aliyeifuta. Ambokile akasimama pale na ufunguo mkononi. Angeweza kuirudisha guniani. Hakuirudisha. Alisema, "Kesho nina maziwa," na kweli kesho yake akaondoka nayo.

Njia ya maziwa inapita kwa Subilaga. Alipokaribia uzio, akaachia mafuta kidogo kwa ajili ya kona, injini ikakohoa. Mlango ukafunguliwa. Yule mama alitoka mbio na beseni la maji ya kunawa, maji yanamwagika kwenye kanga, anaita, "Gwamaka! Mbona umekawia hivi, baba?" Halafu akaona kipikipiki chekundu cha kitoto, na juu yake Ambokile na madumu.

Ambokile alitaka ardhi ipasuke. Akamweleza yote, gunia, namba zilizosuguliwa, maneno ya Lwitiko. Mama akasikiliza beseni likiwa bado mkononi. Kisha akaja akaweka kiganja juu ya injini, ya moto vile vile, hakukitoa.

"Imerudi hii," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Tangu siku hiyo akamwomba kila akipita asimame kidogo aiache ingurume. Ambokile akawa anasimama. Mama anakaa kizingitini, macho kafumba, anasikiliza, na maziwa yanachelewa.

Ila kulikuwa na balaa jingine. Mbele kidogo ya kwa Subilaga kuna Kona ya Tanuri, pale walipokuwa wakichimba udongo wa matofali zamani. Yamebaki mashimo tu, yana maji na matete. Hakuna nyumba, hakuna shamba. Pale, kila siku, injini ilizima. Ambokile anapiga kiki mpaka jasho linamtoka, wapi! Akishuka akasukuma mpaka avuke yale mashimo, akijaribu tena inawaka kwa kiki moja. Akirudi, hivyo hivyo. Kwenda inazima, kurudi inazima.

Mafundi wakasafisha kabureta. Wakabadili plagi. Wakabadili waya. Ambokile akaenda kumgombeza Tupokigwe, kwamba weldi yake imebana waya mahali. Tupokigwe akawaka moto! Weldi yake? Yeye? Akapanda nyuma ya kile kipikipiki, magoti yamefika kidevuni, akasema, "Twende nikaone uongo wako." Na Lwitiko wakampitia, wakamwambia atembee kwa miguu nyuma yao, asikilize.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, wala msidhani ni habari za usiku wa manane. Wakafika konani. Injini ikazima.

Tupokigwe akashuka, akakagua kila waya, akakagua weldi zake zote. Hakuna kitu. "Sielewi," akasema, na Tupokigwe kusema haelewi chuma ni jambo kubwa.

Lwitiko alikuwa kasimama mbali kidogo, kichwa kainamisha. "Rudisheni nyuma, mje tena," akasema. Wakarudisha, ikawaka, wakaja, ikazima pale pale. Lwitiko akasogea karibu.

"Injini ikikosa mafuta inakohoa kwanza," akasema. "Ikikosa moto inakatika ghafla inashtuka. Hii haifanyi hivyo. Hii inapunguzwa taratibu, halafu inazimwa. Kuna anayeizima. Inazimwa vile tunavyozima..." Hakumaliza.

"Tunavyozima wapi?" Ambokile akauliza, ingawa alishajua.

"Penye msiba."

Wote watatu wakageuka kuangalia. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na matete, na lile shimo kubwa, na maji meusi yaliyotulia.

Lwitiko alikaa chini barabarani akalia waziwazi. Tupokigwe akafungua kamba za madumu, akaziunga, akamfunga Ambokile kiunoni kwa fundo lake mwenyewe, maana Ambokile alishaanza kushuka, na ule mguu wake mbovu unaburuzika kwenye udongo. Walimwambia wasubiri watu. Akasema, "Amesubiri watu vya kutosha." Akaingia majini mpaka kifuani, akapapasa kwenye matete kwa mikono. Alikaa humo hadi midomo ikawa ya bluu, akatoka mara moja kupumua, akarudi. Kisha akainua mkononi kipande cha sweta la sufu, la kijani, lile ambalo Subilaga alimfumia Gwamaka.

Gwamaka hakuvuka mpaka wowote. Aliuawa kwa ajili ya pikipiki, akatupwa shimoni, umbali ambao mama yake angemsikia kama angeweza kuita.

Tukamzika vizuri, mji mzima. Tajiri alikuja, akasimama nyuma, hakuna aliyempa kiti. Na madereva wote wa Ikomelo, siku zote za matanga, walisukuma pikipiki zao kupita uzio wa Subilaga, ingawa tulijua tumechelewa, na yeye alijua tumechelewa. Ile injini haikuzima tena pale konani. Lwitiko aliisikiliza, akasema hata kikohozi kimeisha. "Sasa ni chuma," akasema, akarudi kwenye tyubu zake.

Mpo bado? Haya, sasa ndiyo penyewe.

Kwetu jina la mtu aliyekufa bila mtoto haliachwi lizurure. Baada ya matanga mzazi anasimama mlangoni jua likizama, analiita. Atakayelichukua anaitika, "Naam, mama, nipo." Akishaitika, imekwisha. Jina lake la zamani linabaki nje ya mlango, haliitwi tena, hata na ndugu zake. Anaingia ndani, analala kitandani mwa marehemu, analima migomba yake. Na siku mama akifa, yeye ndiye mwana wa kumzika. Lakini lazima aitike mmoja. Wakiitika wawili, jina limepasuka, na halitaitwa tena milele.

Subilaga akawaita wale watatu. Akasema, "Ninyi ndio mlioniletea mwanangu. Nilizaa mmoja, nina nafasi ya mmoja. Amueni wenyewe nani aitike, mniambie."

Na hawa watatu, mnakumbuka, hakuna mwenye kwao.

Tupokigwe akasema, "Injini ile ilikuwa kwenye gunia, inakwenda kuyeyushwa. Ni nani aliyeipa mwili wa kutembea nao? Bila mkono wangu Gwamaka angekuwa nondo za mtu sasa hivi. Na nani kasema mwana lazima awe mwanaume? Mama amesema mmoja, hakusema wa kiume."

Lwitiko akasema, "Mwili uliipa, dada, na ukaniambia naota. Injini isiyo na jina ni chuma tu. Ni nani aliyeipa jina lake? Ni nani aliyesikia kwamba inazimwa? Bila sikio langu mngekuwa mnasafisha kabureta mpaka leo."

Ambokile akasema, "Wewe ulisikia, ukakaa chini ukalia. Sikulaumu. Lakini ni nani aliyekwenda nayo kila siku ilipokuwa inamtia hasara? Ni nani aliyesimama hapa uzioni mama asikilize, maziwa yanaganda? Na shimoni nilikuwa na nani?"

"Ulikuwa na kamba niliyofunga mimi," Tupokigwe akasema.

"Na ulikuwa unatafuta njia ya maziwa," Lwitiko akaongeza, "hukuwa unamtafuta mtu."

Ambokile akasema, "Mwanzoni, ndiyo." Akaangalia pembeni.

Wakabishana mpaka jua likashuka, wasielewane. Wakakubaliana jambo moja tu, kwamba hakuna atakayefungua mdomo mpaka watu wa Ikomelo waamue, wasije wakalipasua jina. Tukakaa kuamua. Akina mama wa maziwa wakasema Ambokile. Madereva wakasema Lwitiko. Mafundi wakasema Tupokigwe, halafu wazee wawili wakauliza kama mwanamke anaweza kuitwa Gwamaka, ikawa kelele tupu. Mimi mwenyewe nimeshabadili mawazo hata siwezi kuhesabu, na kila ninayemchagua, nikimwangalia usoni mwingine, nafsi inanisuta.

Na yule mama hajui kusubiri vikao vyetu. Jioni ile ile alitoka mlangoni akaita, "Gwamaka!" Wale watatu walikuwa uani, nimewaona kwa macho yangu. Tupokigwe kajiziba mdomo kwa kiganja. Lwitiko kaziba masikio, na machozi yanamtoka. Ambokile kang'ang'ania uzio mpaka mti ukalia. Hakuna aliyeitika. Mama akangoja, akaangalia barabarani, akarudi ndani, akafunga mlango taratibu.

Kesho yake akaita tena. Anaita mpaka leo, kila jioni, na sauti yake inazidi kuwa ndogo. Kila jioni tunayobishana sisi, yeye anaita jina la mwanawe mbele ya watu watatu wanaotaka kuitika, anajibiwa na kimya. Ukipita njia ile utamsikia, na utatamani uitike mwenyewe ili anyamaze.

Sasa simulizi yangu imeishia hapo, wala msinitazame mimi. Mkono uliompa mwili, sikio lililompa jina, au yule asiyeacha aliyemshukia majini? Je, wewe ungeamua vipi? Niambie nani aitike. Ila usichukue siku nyingi kama sisi, maana jua linazama, na mlango wake huo unafunguliwa.